Kitabu cha Homa na Kiti cha Baba

Kitabu chenyewe sikukinunua. Kilibaki nyumbani kwangu Gikondo, hapa Kigali, kwenye chumba cha binti yangu, alipopata kazi na kuhamia upande wa pili wa mji. Nasema binti yangu, ingawa ni mtoto wa kaka yangu. Mama yake alifariki siku ya kumzaa, kaka akamfuata kwa maradhi kabla mtoto hajaota meno yote, nami nikabaki naye. Sikuolewa. Nilikuwa mtunza ghala kwenye bohari la saruji na mabati hapa hapa Gikondo, nawaamrisha wapakizi tangu asubuhi, wananiita Bosi mbele yangu, na nyuma yangu Mungu ndiye anayejua waliniitaje. Nikirudi nyumbani mimi ndiye baba, mimi ndiye mama, na mbwa akibweka mimi ndiye natoka na fimbo. Nayasema mapema ili mtu asije kuniuliza kwa nini hadithi ya Wazungu waliokufa zamani ilinipandisha hasira kiasi kile.

Ni riwaya ya Kiingereza, ya zamani, ya wale waandishi walioamua kwamba hadithi si lazima inyooke. Binti aliisoma chuoni. Aliponikuta nimeishika alicheka. "Shangazi, hutaipenda hiyo. Ni ya mambo ya uhuru, ya jinsia, inazunguka zunguka." Mtu akiniambia sitapenda kitu, basi amekwisha kuniuzia. Nikaanza siku ile ile.

Ndani yake kuna bwana mwenye nyumba kubwa. Anakaa kichwani mwa meza, anagawa nyama, anaamua nani aoe na nani asafiri. Sehemu ya kwanza yote ni yeye na mawazo yake, kurasa na kurasa, hata dirisha likifunguliwa lazima alifikirie. Kisha anashikwa na homa. Akipona, ni mwanamke. Mwandishi haelezi imekuwaje, na humo ndani hakuna hata mmoja anayeshangaa. Wanamletea chai, maisha yanaendelea. Nilikifunga kitabu nikakaa nacho mapajani jioni nzima. Nilitamani kumwambia mtu, na nyumba nzima hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Ndiyo sababu nikakipeleka Nyakabanda, kwa fundi.

Fundi ni wa cherehani, Mwislamu, wa zile familia ambazo babu zao walikuja na biashara kutoka pwani wakaoa hapa hapa. Kwao Kiswahili ni cha nyumbani. Wengi hapa Kigali wanakijua cha kubahatisha tu, nusu Kinyarwanda nusu Kiswahili, lakini mimi nimekulia Karagwe, na kukisikia kikisemwa vizuri ni njaa yangu. Jumamosi mchana nilikuwa nakwenda dukani kwake kumsomea huku akishona. Tulianza na magazeti, tukaingia hadithi. Mke wake alikuwa anasikiliza nyuma ya pazia, akimenya ndizi. Baadaye akaongezeka mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa ofisa wa serikali, akitoka Ndera kote huko alikojenga, kwa kisingizio cha suruali ya kupunguzwa. Suruali zile zilipunguzwa mwaka mzima. Alikuwa mjane asiye na mtoto, naye, kama mimi, alikuwa anatafuta mahali pa kukaa penye sauti za watu.

Nikawa nawasomea Kiingereza kimoyomoyo na kukitoa kwa Kiswahili mdomoni. Tulipofika kwenye homa, fundi aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Rudia hapo, dada."

Nikarudia.

Mzee mstaafu alikulia Uganda, na Kiswahili chake ni cha makambi ya wakimbizi. "Hii kitabu iko na uongo mingi," akasema. "Mtu iko mwanaume, inalala, inaamka mwanamke? Na bibi yake analeta chai tu? Hapana. Mimi nimefanya kazi miaka mingi na vitambulisho vya watu. Hiyo haiwezekani."

Fundi yeye hakushughulika na kitambulisho. "Nguo je?" akauliza. "Kaamka mwanamke, sawa, Mungu ana mambo yake. Lakini siku ile ya kwanza alivaa nguo ya nani? Nani alimpima? Mwandishi hajasema? Ebo! Basi huyo hajui kazi."

Tukacheka. Kutoka nyuma ya pazia mke wa fundi naye akasema, bila hata kuacha kumenya: "Mimi sioni cha ajabu. Huyu hapa akiugua, nani anakuwa mwanaume wa duka? Napokea wateja, nagombana na muuza vitambaa, wananiita 'chief'. Akipata nafuu narudi kwenye ndizi zangu. Sijaona mtu kuniandikia kitabu."

"Ala! Umeanza," fundi akasema, lakini alikuwa anatabasamu.

Nilirudi Gikondo kwa moto, pikipiki ya abiria, jioni ile nikiwa na furaha ya kijinga. Nilifika, nikafungua mlango, nikasema "Hodi" kwa mazoea. Nyumba tupu haiitikii. Nikawasha redio.

Wiki iliyofuata ndugu wakaja kwa kikao. Binti alikuwa amepata mchumba, kijana mzuri, sina neno naye. Hapa kwetu mtu haolewi kimya kimya. Kuna gusaba, siku ya kuomba mke, ambayo siku hizi inaunganishwa na harusi: familia mbili zinakaa chini ya hema zikitazamana, wasemaji wanataniana juu ya ng'ombe mpaka watu wanaumwa mbavu, na upande wa msichana lazima pawe na baba kwenye kiti cha mbele. Baba ndiye anayepewa kofia na fimbo. Baba ndiye anayetoa baraka. Usipokuwa na baba kuna baba mkubwa, kuna mjomba. Na watu kama sisi, ambao kwenye koo zetu wanaume wamebaki wa kuhesabika, tunaazima. Si aibu. Kigali nzima inaazima. Kuna wazee wamekuwa baba za wasichana wengi kuliko Mungu alivyowapangia.

Nilijua hayo yote, lakini nilijidanganya. Usiniulize kwa nini. Mimi ndiye niliyemlea, nikadhani angalau mtu atasema jina langu, halafu mimi nitakataa kwa heshima, kisha wanisihi kidogo.

Binamu yangu, ambaye ndiye mkubwa wa kikao, alinitazama kwa upole. "Dada, tungekuweka wewe. Lakini upande wa pili watatushangaa. Unajua wazee wanavyosema, kuku jike hawiki penye jogoo."

"Na jogoo mwenyewe yuko wapi?" nikauliza.

"Ndiyo tunamtafuta. Mimi ndiye msemaji, siwezi kukaa viti viwili."

Nikajiambia, haya, nitakuwa shangazi. Shangazi kwetu si mtu mdogo. Ndiye anayemkalisha bibi harusi chini na kumfundisha mambo ya nyumba, ndiye anayetoka naye mbele za watu akimshika mkono. Hapo binamu akakohoa. Alisema shangazi wa kumtoa msichana inafaa awe mwanamke aliyeolewa, mwenye nyumba yake na watoto wake, ndiyo mkosi usiingie. Wakampanga mke wake.

Kwa hiyo wakaazima baba, wakaazima na shangazi. Mimi, niliyekuwa vyote viwili, nikawa si chochote. Nilimtazama binti yangu. Alikuwa ananitazama kwa huruma ya kweli. "Shangazi, umefanya kazi maisha yako yote," akasema. "Siku hiyo we kaa tu, upumzike. Acha wengine wahangaike."

Alikuwa na nia njema. Hilo ndilo lililonichoma.

Jumamosi nikaenda Nyakabanda na kitabu changu, nimekunja uso. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi watu wote walikuwa kwenye kazi ya jamii, kwa hiyo tulianza tumechelewa na mzee bado ana udongo kwenye viatu. Tukafika sura ile ambayo mgonjwa anashuka mara ya kwanza kuja kula. Anaingia chumba cha chakula amevaa gauni, anakwenda kwenye kiti chake cha kichwani mwa meza, anamkuta mpwa wake amekaa. Kijana mdogo, hata ndevu hana, anagawa nyama. Wote wanamsalimu vizuri. Yule mtu anasimama kidogo, halafu anakwenda kukaa karibu na mlango, anakula. Hasemi neno. Mwandishi anaandika kurasa tano juu ya kijiko.

"Mdomo anao!" nikapiga kelele. Kweli nilipiga kelele, mteja aliyekuwa mlangoni akarudi nyuma. "Si aseme! Nyumba ni yake, meza yake, hata huyo kijana amemlisha yeye! Angemwambia, wee, inuka hapo! Anakaa mlangoni na kijiko, mjinga mkubwa!"

"Labda aliona wataharibu chakula," fundi akasema polepole.

"Chakula gani? Kiharibike!"

Mzee mstaafu akatikisa kichwa. "Mimi naona ni nidhamu. Cheo ikiisha, unatoka ofisini. Haupigi mlango."

"Cheo?" nikamgeukia. "Kumlea mtu ni cheo?"

Cherehani ikasimama. Pazia likafunguka, mke wa fundi akatoka na kisu mkononi akanitazama usoni. "Dada, hicho kiti kinachokuumiza ni cha kitabuni kweli?"

Loo, nikalia. Mbele ya watu, kwenye duka la cherehani, mwanamke mzima niliyeogopwa na wapakizi. Nikawaeleza yote. Mke wa fundi alikaa chini kando yangu kwenye mkeka wa vipande vya vitambaa, hakuniambia ninyamaze. Nilipomaliza, mzee mstaafu alijikuna kidevu muda mrefu.

"Wamepata mtu ya kukaa?" akauliza.

"Bado."

"Mimi nitakaa." Akaona ninavyomtazama, akaongeza haraka: "Si kwa kukunyang'anya. Lakini kama lazima iko mwanaume pale, afadhali iwe mtu yenye anajua kiti ni ya nani. Na mimi iko na suti."

Suti hiyo alikuwa nayo. Ilipunguzwa.

Nilimpeleka kwa ndugu, wakampenda mara moja, maana ana kimo na mvi nzuri. Jumamosi zilizobaki hatukusoma sana. Tulimfanyia mzee mazoezi. Aliogopa kitu kimoja tu, maneno ya baraka. Msemaji angemaliza mambo ya ng'ombe, lakini mwishoni baba lazima aseme mwenyewe kidogo kuhusu binti yake. "Mimi sina kitu ya kusema," akalalamika. "Nimemwona mara mbili. Nitasema nini, kwamba ana afya? Nipe kitu."

Ningeweza kumpa lolote. Alikuwa mtoto mwenye akili, alipenda maziwa, kitu cha kutaja tu. Nikampa kile nilichokuwa sijampa mtu yeyote.

Binti alikuwa hajaanza shule. Malaria ilimshika jioni ya mvua, ile mvua ambayo mfereji wa Gikondo unajaa mpaka unakuwa mto, moto hazipiti, gari hazipiti. Nilimfunga mgongoni kwa kitenge, nimevaa mabuti ya mpira ya ghalani, nikavuka. Maji yalinivua buti moja. Radi ikaanza kupiga juu yetu. Na yule mtoto, anayechemka kwa homa, akatoa mikono yake chini ya kitenge akaniziba masikio. Mimi. Alidhani naogopa. Alinishika hivyo njia nzima mpaka zahanati, viganja vyake vinaniunguza. Muuguzi akauliza mtoto ni wa nani, nikajibu ni wangu, na tangu siku ile sikufikiria tena habari ya kuolewa.

Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa. "Hii ni nzuri sana," akasema. "Unanipa kweli?"

"Chukua."

Niliona fundi anamtazama mke wake.

Siku ya sherehe nilikaa safu ya nne, kati ya majirani, nimevaa umushanana, vazi letu la sherehe, wa rangi ya dhahabu ambao fundi aliushona na kukataa kabisa niulipie. Hema lilijaa. Wasemaji walitaniana vizuri, upande wa kijana wakadai wamekuja kutafuta ng'ombe aliyepotea, wetu wakasema huku hatuna ng'ombe wa kupotea, tuna mabinti tu. Watu wakacheka. Mke wa binamu akamtoa binti yangu akimshika mkono, na alikuwa mzuri mpaka nikashindwa kumtazama sawasawa. Mzee akapewa kofia, akapewa fimbo. Vilimpendeza.

Kisha akasimama kusema. Alisema kwa Kinyarwanda, na sikujua kwamba mzee huyu, anayevunja Kiswahili vipande vipande, ana Kinyarwanda kitamu namna ile. Alisema: jioni moja ya mvua nilimbeba mwanangu mgongoni. Alisema: nilipoteza kiatu. Alisema: alinifunika masikio kwa mikono yake, mimi baba yake, ili radi isiniumize. Sauti ilimkatika pale. Haikuwa maigizo. Nadhani kwa dakika ile aliyaona mwenyewe, maji, na uzito wa mtoto, mzee wa watu ambaye hakujaliwa kuzaa. Mama wa kijana akatoa kitambaa. Jirani yangu alinishika goti, machozi yanamtiririka, akaninong'oneza: "Siku hizi baba wa hivi hawapo."

"Hawapo," nikamjibu.

Nilipiga makofi pamoja na wote. Nilikuwa na wivu, nasema wazi, wivu wa kunitoa jasho. Binti yangu alikwenda mbele ya mzee, akapiga goti kidogo, akamkumbatia kwa muda mrefu. Nilingoja ageuke anitafute. Nilinyoosha shingo ili anione. Alifuta macho, akarudi kukaa kando ya mume wake.

Nyumbani nilirudi na sufuria za kukodi na ukimya. Kwa siku kadhaa sikwenda popote. Nilikisoma kitabu mpaka mwisho peke yangu, na sitawaambia kinavyoisha, kwa sababu sikukielewa. Nilifika ukurasa wa mwisho nikingoja yule mtu aseme neno, wala hakusema.

Kisha binti akapiga simu, Jumapili baada ya ibada. Nilisikia sahani zinagongana kwake, nikafurahi, ana nyumba. Tukasalimiana. Akaniuliza hali ya mgongo wangu, nikamuuliza ya mume.

"Shangazi, nitumie namba ya yule mzee wako," akasema. "Tunataka kwenda kumshukuru. Mama mkwe kila siku anasimulia ile hotuba. Yale ya mvua, ya kufunika masikio. Hivi aliyatunga mwenyewe?"

Nikakaa kwenye kochi. Nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba hakumbuki. Miaka yote nilidhani tunayo wote wawili, ndiyo maana hatukuwahi kuyataja. Alikuwa mdogo mno, na mgonjwa. Nilikuwa nayo peke yangu tangu mwanzo.

"Hakutunga," nikasema.

"Aliyatoa wapi?"

"Ni wewe. Ni mimi niliyekubeba. Mfereji ulijaa, ukaniziba masikio. Ni mimi."

Sahani zikanyamaza. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ndogo, ile aliyokuwa nayo alipokuwa ananingoja mlangoni nirudi kutoka ghalani.

"Nilimkumbatia yeye," akasema. "Shangazi, yale yalikuwa yetu. Kwa nini ulimpa?"